Kimtumbwi cha futi 11 cha kufuatia bata na ndege wa kriki (mkono wa bahari), nikifanyeje kisinipindue?

Kidau_Kisauni:
Assalam aleikum wadau, na wengine wote hamjambo. Mimi niko Kisauni, Mombasa, nina kimtumbwi cha mwembe nilichoachiwa na marehemu ami yangu, urefu futi 11 hivi na upana dhiraa moja na kidogo, yaani ukikaa makalio yamejaa. Ami alikuwa akivulia mshipi, mimi samaki sijui kuvua hata wa kwenye ndoo, ugonjwa wangu ni ndege. Nina kamera ya mtumba na lenzi ya kuvuta mbali ya 400 niliyojinyima miezi mingi kuinunua.

Sasa kuna shemeji amekuja likizo kutoka Marekani akanionyesha video za jamaa huko wamevisha mitumbwi yao, kanuu, manyasi wanawindia bata, akasema tukitengeneze hiki hivyo hivyo tukapige bata. Mimi bunduki sina na sitaki, ila ile akili ya kujificha imenikaa kichwani kwa ajili ya picha. Shida zangu ni hizi, kwanza nikiinua kamera tu chombo kinalala ubavu, Jumamosi upande wa Mikindani nusra niimwage lenzi baharini wallahi nilisikia tumbo limeshuka. Pili ndege wananikimbia nikiwa mbali kabisa. Tatu mgongo, nikirudi natembea kama bibi harusi. Bajeti elfu kumi, ikizidi hapo mke ataniuliza maswali. Na kuhusu bata wa shemeji, sheria inasemaje?

Wakili_wa_Baraza:
Hilo la shemeji limalize mapema. Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 imesema wazi kuwinda kwa mchezo au kujistarehesha ni kosa. Mwambie bata akamle Marekani. Kamera endelea nayo, ila ukifika kriki ya Mida kule jua uko ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu, ulizia ada na masharti kwanza.

Abuu_wa_Minnesota:
Nimecheka hapo kwa bibi harusi 😂 Mimi mtoto wa Majengo lakini nimekaa Minnesota miaka tisa na jamaa wa kazini walinichukua kuwinda bata misimu miwili, kwa hivyo nakwambia nilichokiona kwa macho. Kwanza wenzetu si kwamba wanajipigia tu. Ukiwa na miaka 16 kwenda juu lazima ununue stempu ya bata ya serikali kuu, dola 25, ni kitu kilianza tangu 1934 na pesa zake zinanunulia ardhi za vinamasi ili hao bata wapate pa kuzaliana. Marisau, vile vipunje vya bunduki, ya madini ya risasi kwa bata hayaruhusiwi nchi nzima tangu 1991, maana yalikuwa yanabaki kwenye tope, ndege wanayameza wakidhani ni changarawe wanakufa kwa sumu, sasa wanatumia ya chuma. Na ukiwa na boti ya injini huruhusiwi kufyatua mpaka umezima injini na mwendo wake umekwisha kabisa.

Haya chombo chenyewe. Kanuu ya rafiki yangu ilikuwa ya alumini, kelele tupu, kila kitu kikigusa inalia kama sufuria. Akatandika sakafu yote kwa sponji lile la kufanyia mazoezi, kafi akaizungushia mpira mahali inapogonga ubavu. Wewe chukua tyubu ya baiskeli iliyokufa, ipasue katikati, ivishe ukingo wa mtumbwi kule unakopigia kafi, utashangaa. Rangi akapaka ya majani makavu isiyong'aa hata chembe, maana ndege haogopi sana umbo, anaogopa mng'aro na kitu kinachosogea ghafla. Kisha akafunga wavu ubavuni akachomeka manyasi ya hapo hapo tulipokuwa, hiyo ndiyo siri, manyasi ya duka yalikuwa yanaonekana kama kapeti.

Lakini kubwa kuliko yote ni kukaa. Alitoa kile kiti cha juu kabisa, tukawa tunakaa chini sakafuni miguu mbele. Tena sheria yake ndani ya kanuu ilikuwa anapiga mtu mmoja tu, anayeangalia mbele, kupiga kwa ubavu hapana, kwa sababu bunduki inasukuma nyuma na ukijipinda kufuata ndege mko majini wote, na maji ya Novemba kule yanaua mtu haraka kuliko unavyodhani. Wewe maji yako ya moto lakini lenzi haijui kuogelea.

Fundi_Mtongwe:
Salaam. Mimi hizi kazi nimezikuta kwa baba. Kijana, mtumbwi wa mwembe wa upana huo haukuchongwa kwa mtu wa kujigeuzageuza, umechongwa kwa mtu aliyetulia. Toa ubao wa kukalia, tia kipande cha godoro ndani ya mfuko wa nailoni ukikalie chini, hapo tu nusu ya kuyumba imekwisha. Pili tia farumi, uzito wa kutuliza chombo. Viroba viwili vya mchanga, kimoja kilo kumi, vilaze katikati chini na uvifunge visitembee, chombo chepesi juu ya maji ni kama mtu mlevi. Lakini farumi ni kwa chombo kisichovuja, na ukitia farumi utie na kitu cha kuelea, majerikani matupu yaliyofungwa vizuri omo na tezi, yaani mbele na nyuma, ili ukijaa maji usiende chini nao.

Hujasema kama unavuja. Mwembe unapasuka ukikaa juani. Kagua tezi, mara nyingi ufa unaanzia hapo. Kalafati, yaani ziba ufa, kwa pamba na mafuta, usikimbilie faiba, faiba juu ya mti mbichi inabanduka na maji yanakaa katikati yanaozesha.

Ukitaka utulivu kamili fanya kama ngalawa, tia matengo, vile vielea vya ubavuni. Si lazima makubwa yale ya tanga. Mianzi miwili ikingame, pembeni kila upande paipu ya maji taka ya inchi nne urefu futi tano, ziba ncha kwa vifuniko na gundi. Paipu kama hiyo inabeba kilo kumi na kidogo kabla haijazama, na ikiwa futi tatu kutoka ubavuni inatosha kukuzuia. FUNGA KWA KAMBA usipige msumari, msumari unapasua mti na kamba unaifungua ukitaka kupita. Na paipu zisilale majini muda wote, ziwe juu kidogo kama vidole vinne, zishike maji pale unapolala tu. Zikilala majini zinavuta na utachoka kupiga kafi.

Bi_Mkoko:
Kwa heshima mzee, hayo matengo kwa kazi ya ndege mimi siyataki. Nimepita njia za mikoko Tudor na Mtwapa miaka, kitu chochote kinachotokeza ubavuni kinanasa kwenye mizizi, na paipu ikipigwa na kiwimbi inafanya kwap kwap kwap, yangeyange wote wanahama mtaa. Labda upande mmoja tu. Mimi nakaa chini na farumi basi.

Na manyasi asikate mikoko tafadhali, kuikata bila kibali ni kesi. Makuti yapo kila mahali, chukua makuti makuukuu yaliyokwisha kuwa ya kijivu, yachane, yafunge kwenye kipande cha wavu uliotupwa, lalisha ubavuni mpaka yakaribie maji. Kijivu kile kinafanana na mizizi ya mkoko kuliko kijani chochote cha duka.

Lakini nyote mmeongelea chombo hakuna aliyeongelea maji! Kaka, ndege wanakukimbia kwa sababu unawafuata. Usiwafuate. Maji yakipwa wanatawanyika kwenye tope kula, kitwitwi, korongo, membe, huwawezi. Maji yakianza kujaa yanawasukuma wao wenyewe nyuma nyuma mpaka kwenye vipande vidogo vya tope vilivyobaki karibu na mikoko. Wewe uwe umeshafika pale mapema, umechomeka upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, kwenye tope umefunga chombo omo na tezi kisizunguke, umetulia kama gogo. Wanakuja kwako kwa miguu yao.

Sasa siku gani? Bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hapa Mombasa maji yanajaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, saa nne asubuhi yamekauka, kwa hivyo asubuhi ya bamvua ukiwa na mwanga mzuri maji ndiyo yanakukimbia. Ngoja maji mafu, yale yasiyojaa wala kupwa sana, wiki moja baadaye, kujaa kunaangukia kama saa nne asubuhi. Ina maana jua linapochomoza maji yanapanda pole pole, mkondo hauna nguvu, na mwanga uko chini. Hizo siku tatu nne ndizo zako. Najua kwa sababu mwaka wa kwanza nilikwenda bamvua nikajisahau kwa mdiria mmoja wa mdomo mwekundu, kugeuka maji hayapo, nilikaa kwenye tope saa tano nzima na chupa moja ya maji na mbu wa Jomvu wote. Mdiria mwenyewe picha zote ukungu.

Bata ulioulizia kwenye maji ya chumvi hutawaona wengi. Wale wenye uso mweupe wanaopiga mluzi wanataka maji yasiyo na chumvi, mabwawa, ama uende mdomo wa mto Sabaki kule Malindi, na huko ukibahatika utakuta na heroe (flamingo).

Fundi_Mtongwe:
Bi Mkoko umesema kweli kuhusu mizizi. Basi tengo la upande mmoja na liwe la kufungua. Ila mtu mgeni asiende bila.

Shamba_Boy:
Mimi nauliza tu, kwa elfu kumi si ununue bata wawili sokoni uwapige picha nyumbani 😅

Kidau_Kisauni:
Wadau nimerudi, samahani nilikaa kimya wiki mbili na zaidi. Nimefanya hivi. Kiti nimetoa, godoro nimetia, viroba viwili, majerikani mawili, tyubu ya baiskeli nimevisha (Abuu Mungu akubariki, kimya kabisa). Ufa ulikuwepo pale pale tezini mzee alikosema, fundi wa hapa kanifanyia kwa elfu moja mia tano. Tengo nimefunga upande wa kushoto tu, nikiingia mikokoni nafungua nalilaza ndani. Makuti nimechukua kwa jirani aliyekuwa anaezua paa, bure. Laifu jaketi ndiyo imekula pesa, lakini mke alisema bila hiyo sitoki.

Kamera sishiki mikononi tena, nimeshona kifuko cha kanga nikajaza kunde nakilaza ukingoni lenzi inakaa juu yake. Mara ya kwanza nilijaza mchele, ukalowa, ukavimba, ukaanza kunuka.

Juzi maji mafu nilifunga saa kumi na moja na nusu alfajiri, sikupiga kafi hata moja baada ya hapo. Ilipofika saa mbili hivi yangeyange mmoja akaja akasimama kwenye makuti YA MTUMBWI WANGU, karibu hivi kwamba lenzi ilikataa kumshika, ninaona vidole vyake vya njano vimekamata kuti na mimi nashindwa hata kupumua. Picha sina. Kitwitwi lakini nimepata zaidi ya mia.

Shemeji alikuja na mimi siku ya pili, akalala usingizi.

Bi_Mkoko:
Hahaha huyo yangeyange amekulipa. Next time beba na lenzi fupi kwenye mfuko mkavu. Maji mafu yanayofuata niambie mapema, nitakuonyesha kipande kimoja nyuma ya Mikindani, ila njoo na upondo mrefu maana tope la pale halina mwisho, na shemeji muache nyumbani.