Spacio imechemsha, nitengeneze au niiuze hivyo hivyo?

Mkazi wa Segerea

Wakuu habari za asubuhi. Naomba ushauri kabla sijafanya ujinga wa hela.

Nyumbani tuna gari mbili. Harrier ndo naendea kazini na safari za mkoani. Ya pili ni Spacio namba C, injini 1NZ, tuliinunua kipindi wife anarudi kazini baada ya uzazi. Sasa hii Spacio wakuu hakuna anayeipenda, kioo cha abiria mbele hakishuki, kiti cha nyuma kilimwagikiwa maziwa mwaka juzi na harufu hatujaiweza mpaka leo, halafu mafuta inakunywa ajabu, zamani haikuwa hivyo. Wife akiambiwa achukue Spacio anaita bajaji. Mimi mwenyewe nikiiendesha najiona kama nimevaa ndala za mgeni.

Wiki mbili zilizopita shemeji yangu aliichukua kwenda Kariakoo, jioni wakati anarudi kwenye foleni ya Buguruni, AC imewashwa, mshale ukapanda mpaka kwenye nyekundu mvuke ukaanza kutoka mbele. Akazima hapo hapo akasukumwa pembeni. Akakaa kama lisaa, akaongeza maji ya chupa, akaja nayo mdogo mdogo usiku foleni imeisha na haikuchemsha tena.

Fundi wa mtaani kaja kaangalia dakika tano kasema hedi gasketi (ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini) imeenda, injini ifunguliwe hedi ikapigwe fesi, yaani isawazishwe, jumla 1.3M. Au ninunue injini used nzima, 2.4M ikiwa imefungwa. Dalali ananipa 3M ilivyo, anasema ikiwa nzima ni gari ya 7M. Nitengeneze, niiuze, au niongezee niagize Passo? Tangu siku hiyo ipo chini ya mwembe kuku wanalalia boneti.

nauza_nanunua

Mkuu usimpe huyo dalali, nakuongezea laki mbili juu ya 3M nakuja na breakdown leo hii.

babu_spana

Kabla ya yote usimruhusu mtu afungue hiyo injini. Dakika tano hazitoshi kujua hedi gasketi imekufa, labda kama ana macho ya eksirei.

Soma vizuri ulichoandika mwenyewe. Imechemsha kwenye foleni na AC imewashwa, usiku barabara nyeupe haikuchemsha. Gari ikitembea upepo unapiga rejeta wenyewe, ikisimama inategemea feni. Gari ya kuchemsha foleni tu mimi naanza na feni kabla ya kugusa kitu kingine. Spacio feni yake ni ya umeme, mota inakufa, rilei inakufa, fyuzi inakatika, waya unaliwa na panya (umesema ipo chini ya mwembe, haya). Gasketi ikiwa imekwenda kweli mara nyingi haibagui foleni wala barabara nyeupe, maji yanapungua kila siku na hujui yanaenda wapi.

Fanya hivi kesho asubuhi injini ikiwa ya baridi kabisa, NARUDIA ya baridi, usije kuungua uso ukanisema. Chomoa dipstiki, angalia na chini ya mfuniko wa kujazia oili, kama kuna kitu cha rangi ya chai ya maziwa basi maji na oili vimekutana. Halafu fungua mfuniko wa rejeta, jaza maji, washa, mwambie mtu akanyage mafuta kidogo kidogo wewe unaangalia pale mdomoni. Mapovu machache mwanzoni ni kawaida hewa inatoka, ila yakija mfululizo kama sufuria ya ugali hapo kweli moto wa silinda unavuja kwenye njia ya maji. Kusipokuwa na hivyo viwili, rudisha mfuniko, washa AC, kaa mbele ya gari usikilize feni. Kwenye gari kama hiyo AC ikiwaka feni inatakiwa izunguke.

La mwisho nakuuliza, kuna fundi aliwahi kukutolea themostati, kile kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto? Maana umesema mafuta inakunywa kuliko zamani.

Mama Watatu

Babu spana kaongea ya ufundi mimi naongea ya nyumbani. Kaka yangu hiyo gari kazi yake ni nini? Sisi tulikuwa na ya pili kama hiyo, Raum, kila mwezi fundi, nikakaa na daftari siku moja nikaandika safari zake zote za mwezi. Sokoni mara nne, saluni, kikao cha shule, msiba Mbagala, basi. Bajaji na teksi za mtandaoni za safari hizo zote hazikufika nusu ya nilichokuwa nampa fundi. Tukaiuza na sijaijutia.

Ila wewe una shemeji anayeitumia na watoto, na siku Harrier ikiingia gereji mtaenda na nini? Andika safari kwanza. Na harufu ya maziwa haitoki kwa kupulizia manukato, kiti kinang'olewa, sponji inafuliwa na kuanikwa jua kali siku mbili. Wife hachukii gari anachukia harufu, na kioo kisichoshuka Dar hii ya joto jamani!

Kijana wa Likoni

Mie niko Mombasa, nilikuwa na Fielder injini hiyo hiyo ya 1NZ. Makanika akaniambia gasketi, ikafunguliwa, hedi ikasawazishwa, gasketi mpya, nikalipa. Wiki tatu baadaye nimefika Kibarani ikachemka tena. Kumbe rejeta ilikuwa imeziba kutu na chumvi, tulikuwa twajaza maji ya kisima miaka yote. Sasa hata kama gasketi yako imekwenda kweli, ulizia kwanza kilichoifanya ikaenda, la sivyo watengeneza mara mbili. Na ukishajua, weka kulanti, ile dawa ya rejeta, achana na maji ya bomba.

Nyinyi hata mna bahati mwaweza kuagiza gari ya umri wowote, huku kwetu ikizidi miaka 8 haiingii.

mzee wa kikokotoo

@Kijana wa Likoni inaingia ndiyo lakini tunaisikia. Ushuru wa forodha 25%, VAT 18%, halafu uchakavu, gari ikizidi miaka 8 unaongezewa 15% na ikizidi 10 ni 30%. Passo za bei ndogo ambazo mtoa mada anazitamani nyingi zimeshapita hiyo 10. Ya cc 996 inasamehewa ule ushuru wa bidhaa wa ukubwa wa injini, afadhali hapo. Na TRA hawaangalii wewe umenunua shingapi Japani, wana thamani yao kwenye mfumo. Mtoa mada ingia kwenye kikokotoo chao uweke mwaka na modeli kabla hujaanza kupenda picha.

Kingine, gari kukaa chini ya mwembe hakukuli sana siku hizi, ile road license ya kila mwaka ilifutwa 2017 wakaihamishia kwenye mafuta. Kwa hiyo hakuna anayekukimbiza, usiuze kwa presha ya dalali. 3M kwa Spacio yenye kadi safi ni kukuibia mchana.

Mkazi wa Segerea

Wakuu nimerudi, samahani kwa kimya.

Jumamosi nimefanya kama babu alivyoelekeza. Dipstiki safi, oili nyeusi tu maana nimechelewa kumwaga. Mapovu hakuna. Nimewasha AC feni imetulia kama picha. Nikamleta fundi mwingine wa umeme akaigonga mota na mpini wa bisibisi ikazunguka mara mbili ikafa tena. Mota used kwenye maduka ya spea Gerezani 70,000. Tukafungua na pale kwenye themostati, tukakuta PATUPU. Nikakumbuka kuna fundi miaka hiyo alisema nchi yetu ya joto hiki hakihitajiki, akakitupa. Huyu wa umeme anasema ndo maana inakunywa, injini haifiki joto lake inaendelea kuchoma mafuta kama imewashwa sasa hivi. Mpya 45,000, mfuniko wa rejeta mpya, kulanti, na ufundi, jumla haikufika laki mbili na nusu.

Jana nimeipeleka makusudi foleni ya Buguruni saa kumi na mbili jioni AC full, dakika hamsini, mshale katikati haujagusika.

babu_spana

Umwage na hiyo oili, imeshapata moto mkali. Halafu yule wa 1.3M usimwite tena hata kubadilisha tairi.

Mama Watatu

Na daftari la safari?

Mkazi wa Segerea

Dada daftari nimeanza. Kiti nimeking'oa kipo juu ya bati tangu asubuhi. Wife kaniuliza mota ya kioo cha kushoto shingapi, nimeona hiyo ni dalili nzuri. Anayejua bei ya Gerezani aniambie.

nauza_nanunua

Mkuu 4.5M basi.