Picha ya bibi nikiigeuza nyeusi-nyeupe uso unapotea, nakosea wapi?

mjukuu_wa_tanga:
Wakuu habari za jioni, nimekwama na bibi ameshanichoka. Sebuleni kwetu kuna picha ya marehemu babu, ilipigwa studio miaka ya 1960, kanzu na koti, nyuma kijivu tupu, uso unauona hadi kunyanzi la kwenye paji. Nikasema na bibi apate ya kwake tuitundike pembeni. Nikamkalisha uani saa sita mchana, ukuta mweupe nyuma, kajifunga kisutu chake, kwa rangi picha iko poa sina neno. Sasa nikiigeuza nyeusi-nyeupe ukuta unawaka kama bati jipya, uso mkaa, macho mashimo, na kisutu chote kimekuwa kitambaa cheusi chenye vidoti vyeupe. Nikiongeza mwanga ukuta unaungua, nikipunguza bibi hayupo. Nimemuonyesha akaniuliza "huyu nani?" Kamera ya kuazima, lenzi 50mm, naediti kwenye simu. Tatizo ni kupiga au kuediti?

kivuli_chepesi:
Kupiga mkuu. Mita ya kamera (kile kipima mwanga chake) haimjui bibi yako, yenyewe inajumlisha kila kilichomo kwenye fremu inataka kitoke kijivu cha kati, kile kinachorudisha asilimia 18 ya mwanga wanachosemaga. Ukuta mweupe umejaa fremu, ikaona mwanga umezidi ikabana, aliyeumia ni bibi. Pimia usoni. Ila napo kuna mtego, ngozi nyeusi ukiipimia peke yake kamera itaipandisha mpaka iwe kijivu, atatoka kama kapakwa poda, kwahiyo ukishapima shusha stopu moja hivi, yaani mwanga upungue nusu, uangalie. Na jua la utosini achana nalo kabisa, ndo linalochimba hayo mashimo.

FundiWaGiza:
Kisutu msikionee. Nyekundu na nyeusi ukizitoa rangi zinakuwa ndugu, jicho lilikuwa linazitofautisha kwa rangi tu, weupe na weusi wake unakaribiana. Kabla hujapiga weka kamera kwenye nyeusi-nyeupe uzipitishe nguo zote uone ipi inabaki na maua yake. Kama bibi hataki kubadilisha (na hatabadilisha, namjua bibi wa Tanga na kisutu), Lightroom ya simu, ile app ya kuediti picha, ina slaida kwa kila rangi, pandisha nyekundu maua yatafunguka, lakini kidogo kidogo kwasababu ngozi zetu zinakaa humohumo kwenye nyekundu na chungwa. Ukivuta sana midomo inayeyuka usoni. Mimi nilimfanyia bi harusi hivyo nikarudisha hela.

mjukuu_wa_tanga:
😂😂 Hapo kwenye midomo nishapita. Halafu mimi ni dada, sio mkuu

mzee_wa_filamu:
Dada usichoshwe na slaida. Mpiga picha Seydou Keïta wa Bamako, Mali, kafungua studio 1948, alikuwa anapigia uani kwa mwanga wa jua, na pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa shuka la kitandani kwake. Tena mteja mmoja picha moja, filamu ghali. Angalia kazi zake, maua kwenye nguo, maua nyuma, na bado uso ndo unaokuita kwanza kwasababu ndo sehemu pekee iliyotulia. Kwahiyo mtoe bibi ukutani, mkalishe kivulini karibu na mlango saa kumi hivi, mwanga umjie ubavuni. Nyuma ning'iniza mkeka wa ukindu, sio mweupe wala sio mweusi, kichwa kitatoka chenyewe. Upande wenye kiza weka shuka jeupe juu ya kiti limrudishie mwanga shavuni.

kivuli_chepesi:
Naongezea, babu kwenye picha anaangalia wapi?

mjukuu_wa_tanga:
Kageukia kulia kidogo, kulia kwangu mimi ninayemtazama

kivuli_chepesi:
Basi bibi atundikwe kulia na ageukie kushoto, la sivyo pale ukutani watakuwa wamenuniana maisha. Muachie nafasi mbele ya macho kuliko kisogoni. Mikono kama inaingia iingie yote, usiikate kwenye kiwiko cha mkono.

mjukuu_wa_tanga:
Mrejesho wadau. Jana saa kumi na nusu, mlangoni, mkeka nyuma, kagoma kuvua kisutu kama mlivyosema. Nimepimia shavuni nikashusha stopu moja, kwenye simu nimegusa nyekundu kiduchu tu. Macho yana nukta ya mwanga, kunyanzi zote zipo, maua ya kisutu yanaonekana japo sio sana. Kosa langu moja, ncha ya mkeka inamtokea juu ya kichwa kama pembe, nimekata kidogo juu. Bibi kaishika simu muda mrefu, akatazama ukutani, akasema "yeye kabaki kijana, mimi mtu mzima, wageni watasema huyu mwanangu."

FundiWaGiza:
😂 Bibi kamaliza. Kabla hujasafisha kubwa toa kwanza ndogo ya majaribio, simu inawaka kwa nyuma karatasi haiwaki, huwa inatoka nyeusi zaidi ya unavyoiona. Mpandishe uso kidogo ndo uwapelekee wanaosafisha.