Tupeane uzoefu: raha ndogo ya safarini ambayo hujaisahau

Habari za jioni wakuu. Juzi nimerudi Dar kutoka Kigoma, nikapitia kijiweni Kariakoo kupata kahawa chungu na kashata. Washikaji wakaniuliza safari ilikuwaje, nikajikuta nasimulia jioni moja tu, niliyokaa kwa mama ntilie nikila mgebuka wa kuchoma. Katoka motoni, ngozi inapasuka, chumvi na ndimu basi.

Mzee niliyekaa naye benchi moja kule akanipa habari za MV Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa hapa hapa Dar! Ikapelekwa Kigoma kwa reli, ikaunganishwa upya, ikashushwa ziwani 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaizamisha wenyewe isichukuliwe na adui, ila kwanza wakaipaka mitambo grisi nzito. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mimi mtoto wa Ilala, bandarini napita tangu niko shule, sikuwahi kulijua hilo. Na mzee alikuwa ananisimulia huku ananitolea miba kama mjukuu wake.

Haya, wewe raha yako ipi, na njiani ulijua nini?

Mdau, Tabata:
Mkuu, umenikumbusha Ruaha Mbuyuni. Basi lilitufia pale mchana wa jua kali, tukakaa saa tano nzima. Abiria wamenuna, mimi nikavuka barabara nikakaa kivulini chini ya mbuyu. Dada muuza vitunguu akanivunjia buyu bure. Si huu ubuyu wetu wa rangi nyekundu, ule wenyewe, mweupe, unga wake unakauka ulimini halafu uchachu unakuja taratibu, unabaki na kokwe unalizungusha mdomoni. Akanionyesha shinani palipochunwa magome ya kusokotea kamba. Mti mwingine ukiuchuna hivyo kuzunguka shina unakufa, mbuyu unaotesha gome jipya. Nilipapapasa pale, palikuwa laini kuliko sehemu nyingine. Mpaka leo nikipita njia ile nauangalia dirishani.

Mdau, Mbagala:
TAZARA, nikiwa na binti yangu wa miaka sita. Kati ya Mlimba na Makambako treni inaingia handaki baada ya handaki. Giza likija ananishika mkono, mwanga ukirudi anauachia na kuhesabu kwa sauti. Reli ile ina kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ilijengwa 1970 hadi 1975, lakini yeye anachojua ni kwamba mahandaki ni mengi kuliko vidole vyake.

Mdau, Kigamboni:
Wenzangu mmefika mbali. Safari yangu ni pantoni, kila jioni baada ya kazi. Nasimama nyuma kabisa, upepo wa bahari unanitoa jasho la mjini, kunguru wanagombea vichwa vya dagaa juu ya paa. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu asili yao ni Bara Hindi, waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili wale takataka, ndipo wakasambaa pwani yote. Hao wanapiga kelele, jua linazama nyuma ya maghorofa ya Posta, taa zinaanza kuwaka moja moja. Nauli shilingi mia mbili.