Chupa imejaa, rejeta kavu

*Kikundi cha familia, Jumamosi*

[17:08] Dada: Shikamooni. Gari limechemsha tena. Nimepaki pembeni, mvuke unafuka kwenye boneti. Nifungue rejeta niongeze maji?

[17:08] Mjomba: USIFUNGUE

[17:08] Mjomba: Marahaba mwanangu. Umezima injini?

[17:09] Dada: Nimezima.

[17:10] Mjomba: Basi kaa mbali nalo. Maji ya mle ndani yamepita nyuzi 100 na hayajachemka kwa sababu kifuniko kimeyabana. Ukikilegeza tu yanachemka yote kwa mkupuo na yanakuja usoni.

[17:11] Mama Mdogo: Msikilize kaka. Kuna mtu namjua mkono wake uliambuka ngozi hadi kwenye kiwiko, kifuniko hichohicho.

[17:12] Kitindamimba: Si umwagie injini maji ya baridi ipoe haraka

[17:12] Mjomba: Nani kakufundisha hayo? Silinda hedi, kile kichwa cha juu cha injini, ni alumini. Baridi ya ghafla inaipinda au kuipasua, halafu mtanililia mimi.

[17:13] Mjomba: Subiri nusu saa au zaidi. Mpira mnene wa juu wa rejeta ukishikika bila kukuunguza, ndipo ufungue. Weka kitambaa, zungusha kidogo, simama, acha pumzi iishe, ndio umalizie.

[17:14] Dada: Sawa mjomba. Ila cha ajabu, ile chupa ya akiba ya maji ya rejeta imejaa hadi juu. Asubuhi imejaa. Jana imejaa. Wiki 3 sijaongeza hata tone. Sasa linachemsha kwa nini?

[17:15] Shemeji: Nilimwambia ni feni.

[17:16] Mjomba: Shem, feni ikifa utaijua kwenye foleni, gari limesimama na hakuna upepo. Ukishika barabara wazi mshale wa joto unashuka wenyewe. Mwanangu, lilianzia wapi?

[17:16] Dada: Kwenye foleni lilikuwa zima kabisa. Limeanza kwenye mlima.

[17:17] Mjomba: Feni tuiweke pembeni. Maji yamepungua, au yapo ila hayazunguki.

[17:18] Dada: Nilifungulia hita ya moto kama ulivyonifundisha mara ile, ikatoa upepo wa baridi. Halafu mshale ukashuka ghafla. Nikajua limepona, nikakanyaga.

[17:19] Mjomba: Aisee. Hapo ndipo ulipotakiwa usimame. Hita inapashwa na maji yaleyale ya injini, ikitoa baridi ujue hayafiki. Na sensa inapima joto la maji. Ikibaki kwenye hewa tupu inasoma uongo.

[17:20] Babu: HAMJAMBO. TOENI THAMOSTATI. ZAMANI TULIKUWA TUNAITOA NA SAFARI INAENDELEA

[17:20] Kitindamimba: Shikamoo babu 😂

[17:20] Dada: Shikamoo babu

[17:22] Mjomba: Shikamoo baba. Ile ni valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta, inafunguka kwenye nyuzi 82 mpaka 90 hivi, injini ipate joto lake kwanza. Ukiitoa injini inakaa baridi, inakunywa mafuta, na ugonjwa wenyewe haujaondoka. Tukiishuku tutaitia kwenye sufuria ya maji jikoni tuone kama inafunguka.

[17:23] Babu: MIMI NIMESEMA

[17:56] Dada: Limepoa. Nimefungua, haikutoa hata pumzi. Na ndani SIONI MAJI. Nimechovya kidole hadi mwisho, kikavu.

[17:56] Dada: Chupa imejaa, rejeta haina kitu!

[17:57] Mjomba: Nilihisi. Huo mpira mnene wa juu uko mviringo au umebonyea kama tyubu ya dawa ya meno iliyokwisha?

[17:58] Dada: Mviringo tu.

[18:00] Mjomba: Ungebonyea ningesema valvu ndogo ya kifuniko imeganda, rejeta inavuta na haipewi. Haukubonyea, maana yake inavuta na inapata. Inapata hewa. Maji yakipata moto yanatanuka, yanasukumwa kwenye chupa. Yakipoa rejeta inatakiwa iyanyonye tena kupitia kile kijipira chembamba, unene wa kalamu. Kikiwa na ufa, kinanyonya hewa. Kila safari inatoa maji kidogo na kurudisha hewa.

[18:01] Mjomba: Chupa imebaki imejaa kwa sababu hakuna anayeyachukua. Kikague pale kinapoingia shingoni kwa rejeta. Vuta klipu nyuma.

[18:06] Dada: Juu kinaonekana kizima. Nilipokikunja ndio kimefunguka kama mdomo, chini ya klipu palepale. Na pembeni kuna kitu cha kijani kimekauka kama chumvi.

[18:06] Dada: 📷 Picha

[18:07] Mjomba: Hiyo chumvi ni kulanti, dawa ya kupozea injini inayochanganywa na maji, iliyovuja na kukauka. Mpira umezeeka. Kina urefu wa kutosha ukate hiyo ncha?

[18:08] Dada: Kipo kirefu. Nina wembe wa kuchongea penseli za watoto.

[18:09] Mjomba: Kata sentimita 2, rudisha, bana klipu. Hakikisha upande wa pili kinafika chini kabisa kwenye chupa. Kikining'inia juu ya maji kitavuta hewa vilevile.

[18:10] Mjomba: Kisha jaza rejeta polepole huku unaminyaminya ule mpira mnene, hewa itoke. Washa injini kifuniko kikiwa wazi, hita kwenye moto mwisho. Yakishuka ongeza. Hita ikianza kutoa joto, maji yamezunguka.

[18:11] Shemeji: Na kama ni gasketi ya silinda hedi?

[18:13] Mjomba: Swali zuri hilo shem, hasa baada ya kulikanyaga vile. Angalieni viputo. Vichache mwanzoni ni hewa inayotoka. Visipokoma hata hita ikishatoa moto, ni gesi ya injini inayopenya kwenye maji kupitia gasketi iliyoharibika. Na vueni kifuniko cha oili, mkiona ute wa rangi ya maziwa, maji yameingia kwenye oili, msiliendeshe, liburuzwe.

[18:31] Dada: Limechukua lita 4 za maji ya kunywa 🙈 Viputo vimekoma. Oili nyeusi, haina ute. Hita inaunguza.

[18:32] Mjomba: Funga, rudi taratibu, macho kwenye mshale. Maji matupu yakufikishe nyumbani tu. Kesho tunamwaga, tunaweka kulanti na maji yaliyochujwa madini nusu kwa nusu, na kijipira kipya. Mchanganyiko huo chini ya kifuniko kizima unavumilia hadi kupita 125.

[18:33] Mama Mdogo: Na mkimwaga mtumie beseni. Ile kitu ni tamu na ni sumu, paka wangu msiniulie.

[18:34] Mjomba: Kweli kabisa. Usiku bandika utepe kwenye chupa pale maji yalipofika.

*Jumapili*

[06:41] Dada: Shikamoo mjomba. Utepe uko pale, maji yameshuka vidole viwili. Nimefungua rejeta, imejaa mpaka shingoni.

[06:44] Mjomba: Marahaba. Imenyonya. Wiki 3 zile ulikuwa unafurahia chupa isiyosogea.

[06:45] Shemeji: Haya, si feni.

[06:52] Babu: THAMOSTATI MMEITOA?