Mwenye duka dogo atozwe kwa mauzo au kwa faida?

MWENYE MADA:
Jamani, mimi nasema kodi ya asilimia 3 ya mauzo inayokusanywa na KRA (Mamlaka ya Mapato Kenya) inamwonea muuza unga na kumbeba mwenye saluni. Anayepinga alete hoja.

Sheria ya Fedha ya 2023 iliipandisha kutoka asilimia 1 hadi 3, kwa wenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Chukulia duka la unga, sukari na mafuta pale sokoni Kongowea, Mombasa, linauza 300,000 kwa mwezi. Kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, 9,000 zishakwenda. Faida ikiwa shilingi 6 kwa kila mia (na kwa unga wa pakiti hiyo ni ndoto), duka limepata 18,000. Nusu imeliwa, na pango, stima na leseni ya kaunti bado. Saluni ya jirani ikiingiza 300,000 inalipa 9,000 zile zile, na gharama zake za bidhaa ni mafuta ya nywele na dawa.

Kinachoniudhi zaidi ni hiki. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ilifuta kodi nyingine, ile ya kima cha chini ya asilimia 1 ya mauzo, kesi iliyopelekwa na wenye mabaa wa Kitengela. Hoja ilikuwa kwamba kodi ya mapato ni ya faida, na mwenye hasara angelazimika kuilipa kwa mtaji. Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo 2022. Basi mwenye baa kaondolewa ile asilimia 1, muuza unga kaachiwa 3.

Na wengi hawajui kwamba unaweza kumwandikia Kamishna wa KRA ukaomba kutozwa kwa faida. Duka lile faida yake ya mwaka ni 216,000 hata kabla ya pango. Mtu binafsi hutozwa asilimia 10 kwa 288,000 za kwanza, halafu anapata nafuu ya 28,800 kwa mwaka. Kama hana kipato kingine, hadaiwi hata senti. Kwa njia ya mauzo analipa 108,000.

MCHANGIAJI:
Mimi ni mhasibu. Hesabu yako sina neno nayo, lakini duka lako ni la kwenye karatasi. Tangu 1 Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS (mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki) kwa kawaida haitolewi unapohesabu faida ya kutozwa kodi. Mteja wangu mchele ananunua kwa mtu wa pikipiki, mayai yanaletwa na mama jirani, na hakuna ankara. Nikimhamishia kwenye faida, vitabu vitaonyesha anapata pesa ambazo hajawahi kuziona. Ongeza ritani ya kila Juni na ujira wangu mimi. Asilimia 3 ni ghali, lakini inamwezesha kulala.

MWENYE MADA:
Kwa mayai umenishinda. Unga na sukari je? Hivyo vinatoka kwa muuzaji wa jumla aliyesajiliwa. Mpe PIN yako (namba ya mlipa kodi), akupe ankara, asiyetaka umhame. Na kama shida ni ushahidi wa gharama, si tutoze mauzo kwa viwango tofauti, muuza vyakula asilimia 1 na mtoa huduma 3? Ni nani ataumia hapo, mhasibu?

MCHANGIAJI:
Wataumia wenye saluni. Na kila saluni itaanza kuuza unga.