Nje hasi 24, ndani mbwa kageuza sebule uwanja wa taifa. Mnafanyaje wenzangu?

mgeni_wa_theluji
Wakuu habari za saa hizi. Niko Minneapolis huku Marekani, leo asubuhi simu imeandika hasi 24, Selsiasi hiyo sio Farenhaiti, na upepo sijauhesabu. Nina mbwa wa miaka miwili, watoto ndo walimtaka mi nikagoma wee mwisho nikakubali, na sasa mnajua wenyewe nani anaamka kumtoa. Kipindi cha joto tulikuwa tunazunguka ziwa saa nzima anarudi hoi, sasa hivi dakika tano tu anainua mguu huu, anainua ule, ananiangalia kama mimi ndo nimewasha hiyo baridi, basi tunarudi. Balaa linaanzia hapo. Anatimua mbio toka sebuleni mpaka mlango wa chumbani, anapiga breki kwenye mbao, anarudi tena, kashatafuna kiatu cha kazini cha mama watoto na rimoti ya tivii, na jirani wa chini kagonga dari na fagio mara mbili. Jua lenyewe linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, nikitoka shifti ni giza. Vyumba viwili, ghorofa ya tatu. Nisaidieni jamani.

kipara_ngoto
Mbwa kwenye kapeti? Kwetu Singida analala nje na hajawahi kuleta barua ya malalamiko 😂

mgeni_wa_theluji
Singida wewe unaiitaje baridi mkuu, acha utani

mama_wawili_edmonton
Pole sana ndugu yangu. Huyo si mkorofi, amechoka kukaa bure tu. Mimi niko Edmonton, Canada, hapa hasi 30 watu wanaenda job kama kawaida, na yangu ni mbwa jike mkubwa ako na nguvu ya punda. Mwaka wa kwanza nilikosea, nilitaka kumchosha miguu, namrushia mpira kwa korido mara hamsini na yeye anazidi tu kupandwa na wazimu. Siku hizi namchosha pua. Chukua taulo kuukuu uitandike chini, umwage zile punje zake za asubuhi juu yake, halafu uikunje kama mkeka na umpatie. Siku ya kwanza yangu aliivuta na meno ikafunguka dakika moja, sasa naipiga fundo katikati. Analala chini ameikandamiza na miguu ya mbele, anapuliza pua fuu fuu, anasukuma, punje moja inatoka, anaila, anarudia. Robo saa hakuna mtu anaongea hapa ndani. Akimaliza anakunywa maji anaenda kulala mwenyewe. Bakuli lake la chakula nimeliweka juu ya kabati kabisa, chakula chote anakitafuta, kwa taulo, kwa boksi lenye magazeti yamekunjwa, nyuma ya mguu wa kiti. Lakini usimuongezee, kiwango ni kilekile cha siku, la sivyo Machi utatoka na pipa.
Na watoto wako wacheze brikicho na yeye. Mmoja amshike, mwingine ajifiche bafuni aite jina lake mara moja tu.
Ukimtoa nje osha miguu na maji ya uvuguvugu mkirudi, ile chumvi wanamwaga kwa barabara inamchoma na akiilamba inamsumbua tumbo.

dodo_la_pwani
Mi niko Oslo, Norwe, nina paka, naingilia kidogo samahanini. Wangu alikuwa analala mchana kutwa kwenye hita, saa kumi alfajiri anatukimbilia usoni. Sasa kabla ya chakula cha usiku namchezesha na kijiti chenye manyoya, nakificha nyuma ya kochi, nakitoa taratibu kama panya mgonjwa, na mwisho LAZIMA nimwachie akamate, ndo namwekea chakula. Anakula, anajilamba, analala mpaka asubuhi. Ile taa ya leza niliitupa, anakimbiza kitu asichokipata anabaki kuwinda vivuli ukutani siku nzima. Na kijiti nakifungia kabatini nikimaliza, paka akimeza uzi unakata utumbo, mimi nimelipia operesheni hiyo, sitaki kuikumbuka.

mzee_wa_makete
Msidhani baridi ni ya huko tu, huku Makete Juni mpaka Agosti sakitu, ile barafu ya alfajiri, inaunguza viazi shambani. Mbwa wangu mzee tunamwingiza jikoni usiku. Angalizo moja tu, mtu asimfungie mbwa chumbani na jiko la mkaa eti apate joto, ile hewa haina harufu wala moshi inaua mbwa na inaua mtu.

kipara_ngoto
Si mnunue tu ile mashine ya kukimbilia ya mazoezi, mnampandisha basi

mama_wawili_edmonton
Na jirani wa chini anunue nini, masikio mapya? 😅

mgeni_wa_theluji
Wakuu mrejesho, siku ya nne leo. Taulo imefanya kazi kuliko nilivyotegemea, ila mwanzo alikuwa anaibeba nzima anaenda nayo chini ya meza anaitafuna, nikaanza kuikunja kidogo tu punje zionekane, akaelewa. Kombolela nayo, ndo hiyo brikicho yenu, mdogo alijificha kwenye kapu la nguo chafu, mbwa kapita pale mara mbili, ya tatu kasimama, kapiga chafya, kaingiza kichwa chote ndani. Watoto wamecheka mpaka jirani kagonga tena, safari hii sio kosa la mbwa. Kuna jioni moja bado alipiga zile mbio zake lakini raundi tatu tu akalala. Shida iliyobaki ni kwamba taulo niliyochukua nilidhani ni kuukuu kumbe ilikuwa ya wageni, na shemeji zangu wanakuja Jumamosi.