Tupeane uzoefu wa matangazo: banderoli (bango la kitambaa), redio, tishati... nani amepata mteja kweli?

Muuza Unga wa Kenya
Jambo yenu. Nina duka la unga na mafuta hapa Lubumbashi, komini ya Kenya. Mwaka jana kampuni moja ya simu ilinipakia ukuta mzima rangi yao, bure. Jina la duka langu wakaliandika kwenye kona, ukubwa wa kiganja. Nilifurahi sana. Haikupita muda kaka yangu akaja kutoka Kolwezi, akanipigia akiwa amesimama mlangoni pangu: "Uko wapi?" Barabara yote ilikuwa rangi moja. Sasa kuna kijana ananisukuma nilipie redio na banderoli mbili. Kabla sijatoa dola zangu, mwenye kujaribu atuambie. Yaliyokupata wewe, ya semina tumeshayasikia.

Saluni Katuba
Miye nilichapisha tishati 60. Zilivaliwa, siwezi kudanganya. Moja nimeiona inapigiwa deki. Mteja mpya aliyeletwa na tishati ni mmoja tu, naye alikuja kuomba tishati.

Mama wa Kamalondo
Siku ya kufungua restora nilikodi sono, yale maspika makubwa ya muziki, na kijana wa kipaza sauti, bukari (ugali) na samaki nusu bei wiki nzima. Jamani, saa sita sufuria tupu! Wiki ikaisha, bei ikarudi mahali pake, na watu nao wakarudi makwao. Jirani wa avenyu ya pili akafungua na sono yake, nikawaona walewale kwake, hata yule aliyekuwa ananiita "mama yangu" kwa sauti. Sikukasirika, wale walikuwa watu wa bei.

Kilichonibakishia wateja sikukipanga. Mwezi wa sita asubuhi hapa mnajua baridi yake, mikono inakufa ganzi. Nikaanza kupeleka maji ya moto ya kunawa kwenye kila meza, na sabuni, na kitambaa kikavu. Ni makala (mkaa) kidogo tu. Leo uliza jina lililo kwenye banderoli yangu, hakuna anayelijua. Uliza "kwa mama wa maji ya moto", hata mtu wa pikipiki atakuleta.

Mzee wa Makomeno
Baba yangu alikufa akiiita timu yetu ya mpira, Mazembe, "Englebert". Vijana mnajua lilikuwa jina la nini? La matairi ya Ubelgiji! Timu ilichukua kombe la mabingwa wa Afrika 1967 na 1968 ikiwa na jina hilo. Tangazo gani litashinda hilo? Na tangu nizaliwe sijasikia mtu dukani akiomba tairi la Englebert. Watu walipenda mpira, wakabaki na mpira.

Fundi Pompa
Mzee, redio nayo isionewe. Nilihama kutoka Ruashi kwenda Kampemba, nikatangaza wiki mbili kwa Kiswahili chetu: fundi amehama, sasa yuko hapa. Wateja wa zamani wakanipata. Wapya walikuwa wawili. Ukiwa na habari ya kutoa, redio inabeba. Lakini "njooni kwetu, bei nafuu, huduma bora"? Hata miye nikiisikia naongeza chumvi kwenye chakula na kuendelea kula.

Muuza Unga wa Kenya
Aksanti bandugu. Mumenikumbusha kitu. Mteja mpya akiingia kwangu haulizi bei kwanza. Anachukua meka, kopo la kupimia unga, anaigeuza, anapitisha kidole gumba chini kuona kama tako limebonyezwa ndani. Wanaobonyeza tunawajua. Basi nimenunua meka mpya, nimeifunga kwa mnyororo nje ya mlango, kila mpita njia aishike. Tangu Jumatatu watoto wanaipiga kama ngoma, kichwa kinaniuma, lakini mama zao wanasimama. Kijana wa redio nimemwambia asubiri. Jumamosi fundi wa rangi anakuja kufuta ule ukuta. Nipeni rangi, isiwe ya simu.

Mzee wa Makomeno
Nyeusi na nyeupe, kama Mazembe.

Saluni Katuba
Usithubutu! Wa Lupopo, wapinzani wao, nao wanakula bukari.